Kiungo Huyu

Goti ni kiungo, na likiuma tunasema kiungo hiki kinaniuma. Lakini siku mtu anapovaa jezi na kusimama katikati ya uwanja, neno lile lile linabadili upatanisho wake: kiungo huyu anacheza, kiungo yule amechoka. Kitu kimekuwa mtu. Mama naye jikoni ana viungo vyake, tangawizi na vitunguu saumu, vinavyoingia chunguni vikapotea machoni na kubaki mdomoni. Sijui ni mtangazaji gani wa kwanza aliyempa mchezaji wa katikati jina hili, ila nadhani aliwahi kuumwa goti na aliwahi kula kwa mtu anayejua kupika. Goti hulikumbuki mpaka liume. Mchuzi hausemi una nini ndani, ila ukikosa kitu unajua kwa tonge la kwanza.

Nimeliwaza jina hili kwa miaka mingi kwa sababu ya kiungo mmoja, Rainford Kalaba, na kwa sababu ya ziwa.

Nimekulia Likasi, mji wa shaba wa Katanga, Kongo. Ziwa letu ni Tshangalele, mashariki ya mji, na mgeni akiliona asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu yake na ndege wakitembea kwenye majani, atadhani lilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Ziwa hili limetengenezwa. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa kwenye maporomoko ya Mwadingusha na kampuni ya Union Minière, ili upatikane umeme wa viwanda vya shaba, na kituo kilianza kazi mwaka 1930. Kina chake ni kifupi. Masika linatambaa mpaka kwenye nyasi, kiangazi linarudi nyuma na kuacha udongo uliopasuka, na wavuvi wa upande wa Kapolowe wanalifuata huku na huko na mitumbwi yao kama watu wanaofuata mifugo.

Baba yangu mdogo alifanya kazi Mwadingusha mpaka alipostaafu. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mmoja wa wale wanaotazama kipimo cha maji, wanaandika namba kwenye daftari, wanafungua na kufunga kadiri ya amri. Alinieleza nikiwa mtoto kwamba umeme hautoki kwenye maji mengi, unatoka kwenye maji yanayofika kwa wakati wake. Ukiachia yote mwezi wa tatu kwa sababu ziwa limejaa, mwezi wa kumi utakuwa na mitambo mizuri na mto mkavu. Alipenda pia kunikumbusha kwamba maji yakishazungusha mitambo ya Mwadingusha hayajamaliza kazi, yanateremka kidogo tu na kuzungusha mingine Koni. Alisema hivyo kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyeyabeba.

Huyu baba mdogo ndiye aliyenifundisha kusikiliza mpira. Nasema kusikiliza, maana kwetu mechi za TP Mazembe ya Lubumbashi zilifika kwanza kwa redio. Mtangazaji wa redio hana huruma: anataja anayefunga, analirudia jina mara sita, anapiga kelele, na wengine wote wanabaki gizani. Baba mdogo hakushangilia jina la mwisho. Goli likiingia, nyumba nzima ikiwa imesimama, yeye alikuwa bado ameinamisha kichwa, akitafuta jina lililotajwa kabla ya hilo, na wakati mwingine lililotajwa kabla yake tena. Kuanzia mwaka 2011 jina hilo, mara nyingi kuliko jingine lolote, lilikuwa Kalaba.

Kalaba si mtoto wa Katanga. Ni Mzambia wa Copperbelt, aliyezaliwa mwaka 1986, na kabla hajaja kwetu alichezea ZESCO United ya Ndola. Kwa mtu anayetazama ramani huyo ni mgeni. Kwa mtu anayetazama ardhi, mambo hayako wazi hivyo. Mwamba ule ule wa shaba unapita chini ya Kitwe na chini ya Likasi bila kuonyesha pasipoti. Wafanyakazi wa kwanza wa migodi ya Katanga, wengi wao walitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini. Kibemba unakisikia Kasumbalesa, mpakani, unakisikia hata Lubumbashi. Na karibu na Ndola kuna mgodi wa zamani unaoitwa Bwana Mkubwa, jina la Kiswahili katika nchi ya Kibemba. Mpaka ulipochorwa na Wazungu ulipita katikati ya ukoo mmoja wa Walamba. Kwa hiyo Kalaba alipovuka Kasumbalesa na kuifuata barabara ya kilomita kama tisini mpaka Lubumbashi, alikwenda ugenini na hakwenda mbali.

Mbali alikuwa ameshakwenda. Mwaka 2008 Sporting Braga ya Ureno ilimsajili. Ureno ni shule yenye jina katika kazi hii ya katikati, na wanafunzi wake wamezoea mabegi. Chukua mtu kama Maniche, aliyekuwa bingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004: baada ya hapo alipita Moscow, London, Madrid, Milan na Köln, kisha akarudi Lisbon. Kila mji baridi yake, kila kocha lugha yake, na yeye kazi ile ile ya kuokota mpira hapa na kuufikisha pale. Kijana wa Copperbelt aliingia katika mkondo huo kwa mlango wa nyuma. Braga hakujijengea nafasi. Wakamkopesha Gil Vicente, klabu ya Barcelos, na kisha União de Leiria.

Neno mkopo linanisumbua. Sufuria hukopeshwa jirani, na jirani huitumia akijua si yake. Hataikwangua sana, wala hataiwekea mpini mpya ukilegea. Mchezaji wa mkopo huishi hivyo. Anafika katikati ya msimu, anakuta watu wameshazoeana, na anapewa majuma machache ya kujifunza jambo ambalo wenzake wamelipata kwa miaka: huyu anapenda mpira mguuni, yule anaupenda mbele yake, beki wa kushoto akipanda harudi haraka. Mshambuliaji anaweza kufika mji mgeni na kasi yake akafunga Jumapili ya kwanza. Golikipa anakuja na mikono yake. Kiungo anakuja na nini? Mali yake yote iko kwa watu wengine. Akiwa hawajui, hana kitu, hata kama miguu yake ni ya dhahabu. Ndiyo maana siwaamini wanaohesabu miaka ya Kalaba Ureno kama hasara. Mimi naiona kama miaka ambayo fundi seremala anatembea na patasi zake kutoka karakana moja hadi nyingine, na kila mahali anakuta mbao tofauti.

Nimemwona Kalaba kwa macho yangu Kamalondo, Lubumbashi, kwenye uwanja ambao Mazembe iliufungua mwaka ule ule wa 2011, wenye viti kama elfu kumi na nane na nyasi bandia ambazo mpira unazipita kasi kuliko mtu alivyotarajia. Nilikuwa nimekaa na baba mdogo upande wa jua, wale mashabiki wanaoitwa Cent pour Cent wakipiga ngoma zao bila kupumzika. Akanipa kazi: dakika kumi nzima usiutazame mpira, mtazame Kalaba peke yake. Ni kazi ngumu. Macho yanataka kukimbia kwenye mpira kama mbuzi kwenye mahindi. Lakini nilijitahidi, na nikaona mambo ambayo redio haikuweza kunipa.

Kwanza, kichwa. Mpira ukiwa bado kwa beki, Kalaba aligeuza shingo kushoto, akageuza kulia, akatazama tena nyuma ya bega, kama mtu anayevuka barabara yenye malori. Mpira ulipomfikia alikuwa hana swali tena. Wengi hupokea mpira ndipo waanze kufikiri, na ile nusu sekunde ya kufikiri ndiyo adui anayoila.

Pili, mwili. Hakusimama kuukabili mpira moja kwa moja. Alisimama upande, bega moja kwa aliyemtumia, bega jingine kwa goli la wapinzani, ili mguso wake wa kwanza uwe tayari ni safari. Kwa mwili mdogo kama wake hilo halikuwa urembo. Akisubiri kugongwa, angegongwa na watu wanaomzidi kilo.

Tatu, na hili lilinichukua miaka kulielewa, pasi zake zilikuwa zinasema. Mpira ukipigwa kwa nguvu kwenye mguu wa mbali wa mwenzako, unamwambia: geuka, hakuna mtu nyuma yako. Ukipigwa taratibu kwenye mguu wa karibu, unamwambia: nirudishie, umefuatwa. Mpokeaji haoni kinachotokea mgongoni kwake, mpigaji anaona. Kwa hiyo pasi nzuri hubeba mpira na hubeba habari pamoja. Katika kikosi kama cha Mazembe, hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya kazi, maana lugha nyingine zilikuwa nyingi mno. Mwaka 2015 humo ndani kulikuwa na Wakongo, Wazambia, Waghana, mtu wa Mali Adama Traoré, mtu wa Ivory Coast Roger Assalé, Watanzania wawili Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, na kocha Mfaransa Patrice Carteron. Samatta na Ulimwengu walikuta Kiswahili mitaani Lubumbashi, ingawa si kile cha kwao Dar es Salaam. Walikuta ugali unaitwa bukari. Kalaba hakuja na Kiswahili wala Kifaransa cha nyumbani. Alikuja na ile habari iliyomo ndani ya pasi.

Mwisho wa Oktoba mwaka huo, Algiers, fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger, jina la Kalaba ndilo lililotajwa mwisho safari hii: yeye ndiye aliyefunga goli la kwanza, Samatta akaongeza la penalti, Mazembe ikashinda 2-1. Novemba 8, Kamalondo, ikashinda 2-0, na kombe likarudi Lubumbashi mara ya tano, baada ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Samatta akaondoka kwenda Genk ya Ubelgiji Januari iliyofuata. Njia ilikuwa wazi kwa kila aliyetaka. Stoppila Sunzu, Mzambia mwenzake, alikuwa ameshaondoka kabla.

Kalaba alibaki. Mwaka 2016 Mazembe ilichukua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga MO Béjaïa, 4-1 katika mechi ya pili Kamalondo, na mawili yalikuwa yake. Mwaka 2017 wakalichukua tena. Alivaa kitambaa cha unahodha. Alibaki mpaka alipokaribia miaka thelathini na saba, na kwa mchezaji wa nje hiyo ni maisha mazima. Watu walisema amekosa Ulaya. Mimi naona alipata kitu ambacho mchezaji wa mkopo hakipati: muda wa kuzijua mbao za karakana moja mpaka azitambue kwa harufu. Nilimwona akipiga mpira mahali ambapo hapakuwa na mtu, uwanja mzima ukaguna, na hatua mbili baadaye mtu akawa pale.

Si kila fundi wa kazi hii amepata pa kukaa, na siwezi kumsifu anayekaa nikawasahau wanaotembea. Mwangalie Khalid Aucho, mtoto wa Jinja, Uganda, kiungo mkabaji. Tusker na Gor Mahia za Nairobi, Baroka ya Afrika Kusini, OFK ya Belgrade, East Bengal na Churchill Brothers za India, Misr Lel-Makkasa ya Misri, halafu Yanga mwaka 2021, ambako alikuwa sehemu ya timu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Kuna watu wanaosoma orodha hiyo na kuona mtu asiyetulia. Jaribu kuisoma kama anavyoisoma mke wa dereva wa lori: kila jina ni chumba cha kupanga, ni sahani ngeni, ni kocha mpya anayetaka kuonyeshwa upya jambo ambalo ulishamwonyesha mwingine. Au Mukoko Tonombe wetu, aliyetoka AS Vita ya Kinshasa kwenda Yanga mwaka 2020, akarudi nchini mwaka 2022 kupitia mlango wa Mazembe. Viungo wa Kongo wamekuwa bidhaa ya Dar es Salaam kama vitenge, na ninapoona mashabiki wa kule wakiwaimbia najisikia nimeimbiwa mimi.

Lakini nirudi kwa Kalaba, kwa usiku mmoja ambao naamini unaeleza kazi hii kuliko makombe yake.

Februari 12, 2012, Libreville, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Zambia na Ivory Coast. Mji huo Wazambia hawautaji kwa sauti ya kawaida: Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ya taifa ilianguka baharini karibu na hapo na wote waliokuwamo wakafa. Kalaba alikuwa na miaka sita. Katika mechi ya kwanza ya mashindano, dhidi ya Senegal, alikuwa amefunga. Fainali ikaisha bila goli, Didier Drogba akiwa amepaisha penalti, wakaenda kwenye matuta, na matuta nayo yakakataa kwisha. Ikawa 7-7. Golikipa wa Zambia, Kennedy Mweene, akaokoa penalti ya Kolo Touré. Sasa mtu mmoja tu alihitajika kuingiza mpira wavuni na kazi ya miaka kumi na tisa imalizike. Aliyetembea kwenda kwenye nukta alikuwa Kalaba.

Akaupaisha juu.

Baba mdogo hakusema neno. Tulikuwa tumekaa kwa jirani mwenye televisheni, chumba kimejaa, na nilimwona amefumba macho. Halafu Gervinho naye akakosa. Halafu akaja Sunzu, aliyekuwa akicheza na Kalaba kila juma Lubumbashi, akafunga. Zambia bingwa, 8-7. Chumba kikaruka. Wazambia walishinda, na Katanga nzima ilishangilia kama wametoka Kikula kwetu Likasi, maana Kalaba, Sunzu na Hichani Himoonde walikuwa watu wa Mazembe.

Kilichonikaa moyoni ni zile hatua za Kalaba kurudi kwenye mstari baada ya kukosa. Kutoka kwenye nukta ya penalti mpaka duara la katikati ni mbali. Alipofika, wenzake walimfungulia mikono, akaingia tena kwenye mnyororo wa mabega, akasubiri mwingine amalize. Mtu anayeishi kwa kuwapa wengine mpira alikuwa amepewa yeye wa mwisho, akaupoteza, na wale aliowalisha wakamlisha. Sunzu alipofunga, jina lililotajwa kabla lilikuwa Gervinho, mtu wa upande mwingine. Baba mdogo alisema, na hakuwa anacheka, kwamba hilo ndilo goli pekee ambalo hesabu yake imemshinda.

Aprili 2024, Kalaba akiwa ameshaachana na Mazembe, habari zilifika kwamba amepata ajali ya gari Zambia. Saa za kwanza zilisema amekufa. Nilikuwa ufukweni Tshangalele, upande wa mitumbwi, na nakumbuka mvuvi mmoja aliyekuwa akitenganisha samaki wadogo na wakubwa akasimama na samaki mkononi, mkia bado unapiga. Baadaye habari ikasahihishwa: yu hai, ameumia vibaya, yuko hospitali. Katika ajali hiyo mtu mwingine alipoteza maisha, na sitaki furaha yetu ipite juu yake. Lakini nilimpigia simu baba mdogo nikamwambia Kalaba hakufa, na kwa muda mrefu nilisikia pumzi yake tu.

Yeye sasa ni mzee. Magoti yote mawili yanamsumbua na hafiki tena Kamalondo. Bwawa lake limetengenezwa upya, mitambo sita ya Mwadingusha imebadilishwa, na umeme mwingi unakwenda kwenye mgodi mkubwa karibu na Kolwezi ambao enzi zake haukuwapo. Jioni hukaa nje kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani ingawa simu ingemtosha. Mazembe ikicheza na mimi nikiwa mbele ya televisheni mjini, nampigia mara goli likiingia, maana najua redio yake inakatikakatika. Namtajia mfungaji kwa haraka, nikiwa bado nahema.

"Sawa," ananijibu. "Na kabla yake mpira alikuwa nao nani?"